Marehemu Hawezi Kuwa Mwanachama

Wanafunzi wale nilianza kuwachukia siku ya tatu. Siku mbili za mwanzo niliwahurumia, maana walifika Nandagala mwezi wa saba juu ya lori lililobeba salfa ya kupulizia mikorosho, nyusi zimegeuka njano, macho yanawatoka machozi, na wanayafikicha kwa vidole vilevile vyenye salfa. Waliteremka wanane, kila mmoja na begi na daftari jeusi, wakasema wanatoka chuo kikuu Dar es Salaam na wamekuja kujifunza kwetu. Ilikuwa mwaka 2004. Mwenyekiti wa kijiji, Kaimu, alituita akatutangazia kwamba vijana hawa wanasomea stadi za kuleta mabadiliko katika jamii, pamoja na ujasiriamali jamii, na kwamba watakaa wiki nane. Hilo neno la ujasiriamali jamii alilisoma kwenye karatasi, akalirudia mara mbili ili aonekane amelielewa.

Kujifunza kwetu, walisema. Anayekuja kujifunza hukaa kimya akatazama. Hawa walikuwa wanauliza tangu kunapambazuka. Unakula mara ngapi kwa siku? Nani anaamua mahindi yauzwe au yasiuzwe? Mume alikuwa anakupiga? Kiongozi wao, binti mmoja mrefu wa Dodoma aitwaye Tabitha, aliniuliza hilo la mwisho nikiwa nimeinama napepeta mbaazi, huku kalamu iko tayari.

"Kuuliza si ujinga, mama," alisema alipoona nimenuna.

"Si ujinga," nilimjibu. "Lakini si adabu pia."

Akacheka, akaandika. Sijui aliandika nini.

Mimi naitwa Hadija. Wakati huo nilikuwa na miaka hamsini na minne, mjane wa miaka tisa, na Mungu hakutujalia mtoto. Nilichokuwa nacho ni mikorosho arobaini na miwili nyuma ya nyumba yangu. Hiyo ndiyo iliyonivisha, ikaezeka nyumba, ikaninunulia chumvi na mafuta ya taa. Bila hiyo, mwanamke wa umri wangu asiye na mtoto anaishi kwa kuombaomba muhogo kwa majirani, na majirani wa kwetu wakikupa muhogo wanahakikisha kijiji kizima kimejua.

Sasa habari ya mikorosho hiyo ilikuwa hivi. Ardhi ni ya ukoo wa mama yangu, na kwetu Wamwera mwanamume ndiye aliyekuwa anakuja kukaa ukweni. Marehemu mume wangu, Swalehe, alitoka Mbwemkuru akaja kunioa, na mwaka wa pili wa ndoa akapanda mikorosho ile kwa mkono wake. Kwa desturi, mti ni wa aliyeupanda, hata kama ameupanda kwenye ardhi ya watu, na akifa unakwenda kwa watoto wa dada yake. Ungemuuliza sheikh, angenipa robo na kilichobaki angekigawa kwa wengine. Ungemuuliza hakimu kule Nachingwea, angefungua kitabu akasema jambo la tatu. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Swalehe alikufa mwaka 1995, na watu waliendelea kusema mikorosho ya Swalehe kama walivyosema alipokuwa hai. Hadija yuko wapi? Anapalilia mikorosho ya Swalehe. Mbuzi wameingia wapi? Kwenye mikorosho ya Swalehe. Miti ilikuwa ya marehemu, na marehemu hagombani na mtu.

Dada yake Swalehe, Mwanaima, aliishi nyumba tatu kutoka kwangu tangu Operesheni Vijiji ilipotukusanya. Huyo alikuwa wifi yangu na ndiye aliyekuwa ananisuka nywele. Kila msimu, korosho za kwanza nilijaza kikapu nikampelekea. Alikuwa anapokea, anasema, "Ahsante, wifi," basi. Sikusema ni zawadi, wala sikusema ni haki yake. Yeye hakuniuliza. Mtoto wake wa kiume, Adinani, alikuwa Nachingwea anauza mbao na mkaa, na alipokuja kusalimia alikula kwangu. Ukimchunguza sana bata humli, na sisi tulikuwa tumemla bata huyo miaka tisa bila kumchunguza.

Wanafunzi walikuja na mpango wao. Wanawake waunde kikundi cha kubangua korosho, badala ya kuziuza ghafi zibanguliwe mbali, na kuna wafadhili watakaotoa mashine. Mpango haukuwa mbaya, nasema ukweli. Ila kila mwanachama lazima awe na mikorosho yake mwenyewe, ili kikundi kisije kikawa cha watu wa kununua na kuuza tu. Na ili wajue nani ana nini, tulitakiwa kuchora ramani ya kijiji sisi wenyewe, chini, kwenye uwanja wa ghala la chama cha msingi.

Siku ya ramani watu walijaa. Barabara tulizichora kwa majivu, nyumba zikawa magunzi, mto ukawa kanga ya buluu ya mtu fulani aliyeitafuta jioni akaikuta imekanyagwa. Mikorosho ilikuwa majani ya mkorosho, jani moja kwa miti kumi. Nakiri nilifurahi. Nilipanga majani yangu manne na kipande cha jani cha kukamilisha ile miwili, nikarudi nyuma nikayatazama, nikaona shamba limependeza hata likiwa chini ya miguu ya watu.

Halafu Tabitha akaanza kupita na vipande vya karatasi ngumu, anauliza kila shamba la nani, anaandika jina, anaweka. Alifika kwangu.

"Hii mikorosho ya nani?"

"Ya Swalehe," watu wakajibu kwa pamoja.

"Mzee Swalehe yuko wapi, asogee."

Watu wakacheka. Mmoja akasema yuko makaburini, aende akamsogeze mwenyewe.

Tabitha naye akacheka kidogo, lakini alikuwa ameshaishika ile karatasi na hakutaka kuiweka tupu. "Sawa, pole sana. Lakini marehemu hawezi kuwa mwanachama. Kwa sasa ni ya nani?"

Kaimu, ambaye kwa kawaida ni mtu wa maneno mengi yasiyo na msaada, safari hii alisema neno la msaada. "Binti, andika tu Swalehe. Twende mbele."

Angemsikiliza, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Hakumsikiliza. Alinisogelea, akaniwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya kunibembeleza ambayo kila mtu aliisikia. "Mama Hadija, nani anapalilia pale?"

"Mimi."

"Nani anapulizia salfa? Nani anaokota?"

"Mimi."

"Basi usiogope. Sema. Ni ya nani?"

Ningeweza kumlaumu yeye peke yake, na kwa muda mrefu nilifanya hivyo. Lakini siku mbili kabla, wanawake walikuwa wamenong'ona kwamba mwenyekiti wa kikundi nitakuwa mimi, na neno lile lilikuwa limenikaa kooni tamu. Mwanamke asiye na mti hawezi kuwa mwenyekiti wa wenye miti. Mwanaima alikuwa amekaa mbele yangu, amenyoosha miguu. Hakunitazama mimi. Alikuwa anayatazama yale majani.

"Yangu," nikasema.

Wanafunzi wakapiga makofi. Walipiga wao tu.

Mwanaima aliinuka, akajikung'uta vumbi la nguo, akaenda zake. Kesho yake, mwanafunzi mwingine aitwaye Edwin, aliyekuwa na mwandiko mzuri, aliihamisha ramani yote kwenye karatasi kubwa kwa kalamu za rangi, wakaibandika ukutani kwenye ghala, pale ambapo kila mtu hupita. Jina langu lilikuwa kwa wino mwekundu. Wanawake wote wenye miti waliandikwa kwa wino mwekundu, na tulikuwa watano.

Siku ya kwanza Mwanaima hakuniitikia salamu kisimani, nikadhani hakusikia. Siku ya pili nilimsalimia karibu na sikio. Alijaza ndoo yake, akajitwisha, akapita. Nilikaa na nywele zangu zimefumuka wiki nzima, nikijiambia kwamba kisirani chake kitakwisha, maana hata sikuwa na mtu mwingine wa kunisuka. Hakikwisha.

Wiki ya tatu baada ya ramani, lori lilisimama nje kwangu. Akateremka Adinani na vijana wawili, msumeno mrefu wa kukatia magogo, na kopo la rangi nyeupe.

"Shikamoo, mkazamjomba."

"Marahaba. Karibu. Hujala?"

"Sitakula." Alikuwa anatazama chini wakati anasema, na hilo lilinitisha kuliko kama angekuja anafoka. "Nimepita ghalani. Nimesoma ukutani."

"Yale ni mambo ya watoto wa chuo, mwanangu. Watakwenda zao."

"Watakwenda, jina litabaki. Mkazamjomba, mimi nisingekuja. Mama alikuwa amekaa kimya, na mimi nimekaa kimya. Ungekula miti ile mpaka unakufa, hakuna ambaye angekugusa. Lakini umesimama mbele ya watu umesema si ya mjomba. Sasa nikikaa kimya tena, na mimi nitakuwa nimesema si ya mjomba."

"Unataka nini?"

"Ardhi ni yenu, siwezi kuja kukaa kwenye ardhi ya watu. Lakini miti ni yetu. Nitaikata, nichome mkaa, nichukue kilicho chetu, nikuachie udongo wako."

Walipita mti kwa mti wakiupiga mstari mweupe kwenye shina. Arobaini na miwili. Ilikuwa na maua wakati ule, imechanua vizuri kuliko miaka mingi, na harufu yake ilikuwa imejaa hadi barabarani. Akasema anawasubiri hawa wageni waondoke kwanza, asije akapigwa picha.

Nilikwenda shule ya msingi, walikolala wanafunzi, nikamkuta Tabitha anakwangua sufuria ya ugali ulioungua. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, hilo sitamnyima, na alipokuwa ananisikiliza uso wake ulikuwa wa mtu anayeumia. Halafu akafungua daftari jeusi.

"Mama, hii tunaiita upinzani. Ni kitu cha kawaida. Mabadiliko yoyote lazima yapitie hatua hii."

"Msumeno nao ni hatua?"

"Sikiliza, mama. Sheria iko upande wako. Siku ya kufunga anakuja mgeni rasmi kutoka wilayani Ruangwa. Wewe ndiye utakayetoa ushuhuda. Akishasikia, na watu wote wakishasikia, Adinani hatathubutu."

"Mgeni rasmi atarudi Ruangwa jioni kwa gari lake. Msumeno utabaki hapa."

"Usirudi nyuma sasa, mama. Yaani wewe ndiye mfano wetu. Ripoti yote inakutegemea wewe."

Nilimtazama. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa salfa na kwa moto, kucha zimekatika, na nikaona kwamba hakuwa mbaya. Alikuwa mtoto wa mtu.

"Wewe, nyumba ya baba yako kule kwenu Dodoma, akifa itakuwa ya nani?"

Akafunga daftari. "Tuko watano," akasema. "Kuna kaka zangu. Kuna na mama mdogo na watoto wake."

"Itakuwa ya nani?"

"Sijawahi kuuliza."

"Kwa nini? Kuuliza si ujinga."

Alizungusha mwiko kwenye ile sufuria. "Baba angejisikia vibaya. Na mama mdogo angefikiri... Si kitu cha kuuliza hivihivi, mama."

Kumbe alikuwa anajua. Kabla ya hapo nilimchukia kama unavyomchukia mgeni asiyejua mila, na hiyo chuki ni nyepesi, inaisha. Tangu jioni ile nilimchukia kwa moyo wote. Kwao alikuwa na akili ya kufunga mdomo, kwetu akaja na karatasi.

Nilifikiri siku nne. Nikiendelea kusema yangu, itakatwa. Nikisema si yangu, nirudishe neno mbele ya watu walewale waliolisikia, miti itarudi kwa Swalehe, Adinani hatakuwa na sababu, na Mwanaima atanijibu salamu. Hesabu niliiona ni rahisi. Uenyekiti nitaukosa, na aibu nitaipata, lakini aibu haikati mti.

Siku ya kufunga walifunga turubai, wakaazima viti vya plastiki mjini, wakachinja mbuzi. Adinani alikuja kutoka Nachingwea, akasimama nyuma kabisa, mikono amefumbata. Mwanaima alikaa mbele na wanawake. Wanafunzi walicheza igizo la mume mlevi na mke mwenye maarifa, watu wakacheka pale pasipochekesha. Kisha Tabitha akashika kipaza sauti, akasema sasa tutamsikia mama aliyevunja ukimya. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Edwin aliinua kamera.

Nilisimama. Sikumtazama mgeni rasmi, nilimtazama Mwanaima.

"Miti ile si yangu," nikasema. "Nilisema yangu kwa sababu niliulizwa mbele ya watu, na kwa sababu nilitaka uenyekiti. Nilisema uongo. Miti ni ya Swalehe, kama ilivyokuwa. Wifi, nisamehe."

Nikakaa. Watu waliinamisha vichwa, na kwa kitambo kidogo niliona kweli mambo yamerudi mahali pake. Kaimu alikuwa ameshaanza kuinuka ili wapiga ngoma waingie.

Lakini mgeni rasmi alikuwa mtu wa kazi, na alikuwa na kalamu. "Samahani kidogo," akasema. "Huyu Swalehe ni marehemu, si ndiyo? Sasa kwa faida ya kumbukumbu, mrithi wake ni nani?"

Mwanaima aliinuka. Alisimama taratibu, mkono kwenye goti, maana goti lake lilikuwa bovu. Kiswahili chake hakikuwa kirefu. Nyumbani tuliongea Kimwera. Lakini siku ile kilimtosha.

"Mimi dada yake," alisema. "Miti yetu. Miaka tisa huyu ananiletea kikapu, hasemi kikapu cha nini. Mimi nangoja. Nasema, iko siku atasema mwenyewe kwa mdomo wake. Leo kasema, wote mmesikia. Andika Adinani."

Akanigeukia. "Ahsante, wifi."

Sauti ilikuwa ileile ya kila msimu. Ndipo nikajua kwamba miaka yote tisa, kila alipokuwa anapokea, alikuwa anahesabu. Nilikuwa nimemwona rafiki, kumbe alikuwa mtu aliyekaa mlangoni anangoja nitoke. Au labda alikuwa vyote viwili, hilo sikuwa na uwezo wa kuliwaza pale nilipokuwa nimekaa. Niliona aibu, na chini ya aibu niliona hasira.

Edwin alifuta jina langu kwenye ramani kwa ule wino mweupe wa kufutia, akasubiri ukauke, akaandika Adinani kwa kalamu nyeusi. Msumeno ulirudi Nachingwea siku hiyohiyo. Hakukuwa tena na sababu ya kukata, maana Mwanaima alizitaka korosho.

Asubuhi wanafunzi walipokuwa wanapanda lori, Tabitha alinifuata. Alikuwa amelia usiku, macho yamevimba.

"Mama, ungenyamaza tu. Umejimaliza mwenyewe."

"Ningenyamaza mwezi wa saba."

"Samahani, mama. Kweli samahani." Alifungua mikono anikumbatie.

Nilimpa mkono mmoja tu. Nikamwambia akifika kwao amsalimie baba yake, na amsalimie na mama mdogo. Alielewa. Alipanda lori, na hadi linakata kona hakugeuka. Wasomi husema ukweli unamweka mtu huru. Mimi uliniacha na ardhi iliyo chini ya miti ya watu.

Mwezi wa kumi korosho zilianza kukomaa. Mwanaima alikuja alfajiri na wajukuu wake wawili na vikapu, akanikuta nimesimama mpakani na panga. Sikuwa na nia ya kumkata mtu. Nilikuwa nafyeka.

"Tumekuja kwenye miti yetu," akasema kwa Kimwera.

"Iko pale. Pandeni."

Alinielewa mara moja, nikaliona likimwingia. Korosho haichumwi. Ukiichuma mtini ni changa, hakuna mnunuzi atakayeitazama. Korosho husubiriwa ianguke na bibo lake, halafu huokotwa chini. Na chini palikuwa kwangu.

"Wifi," akasema.

"Miti yenu, hata mgeni rasmi ameandika. Anayetaka kutembea kwenye udongo wangu lazima nimruhusu. Sijaruhusu."

Alisimama pale mpaka jua likawaka. Wajukuu walikaa chini wakacheza na mawe. Tulizisikia korosho zikianguka, moja hapa, moja kule, na kila moja ilipoanguka sisi wote wawili tuligeuza kichwa. Mchana akaondoka.

Kaimu alikuja kusuluhisha. Akasema tugawane nusu kwa nusu. Mwanaima alikataa, kwa sababu kupokea nusu ni kukubali kwamba nusu si yake. Mimi nilikataa kwa sababu yeye amekataa. Nasema wazi, kilikuwa kiburi, na kilikuwa kitamu kwa siku kama sita. Baada ya hapo kilikuwa njaa. Mimi mwenyewe sikuokota hata moja. Nilikuwa nimesema mbele ya wilaya nzima kwamba si zangu, na mimi si mwizi. Nilikula ugali wa muhogo kwa mbaazi, mbaazi zilipokwisha nikachimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, pamoja na wasichana wadogo, nikiwa mzee kuliko wote. Mabibo yalioza chini, nzi wakajaa, nguruwe pori wakawa wanakuja jioni kushiba. Mashine ya kubangulia ilifika kweli mwezi wa kumi na moja, kama wanafunzi walivyoahidi, na kikundi kikaanza bila mimi. Nilikuwa nalisikia lile dude likilia kutoka ghalani, na wanawake wakicheka.

Mvua zikaanza mwezi wa kumi na mbili. Korosho zilizobaki chini ya majani zikaota.

Januari Adinani alirudi na msumeno. Sikushangaa. Mti usiokupa kitu ni kuni. Kaimu alikuja naye na mgambo wawili, akanisomea amri ya kijiji kwamba nimruhusu mwenye miti achukue miti yake kwa siku tano. Niliruhusu. Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma nikatazama. Mti wa kwanza ulipolala nililia kwa sauti, nikamwita Swalehe jina lake la utotoni ambalo sikuwa nimelitamka tangu tumzike. Ng'ambo ya mpaka Mwanaima naye alikuwa amekaa chini, kanga mdomoni, analia. Alimzaa mkataji na alikuwa ameyataka yote haya, na alilia. Hatukusogeleana. Siku ya tano walipakia magogo ya mwisho, wakaniachia visiki arobaini na viwili na anga ambalo sikuwahi kuliona kutoka mlangoni kwangu.

Kesho yake niliingia mle na jembe. Jua lilikuwa linafika chini kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini, na ile miche iliyoota ilikuwa kila mahali, mingine imekanyagwa na vijana wa msumeno, mingi imepona. Nilichuchumaa nikaitazama. Mti ni wa aliyeupanda. Hii nani aliipanda? Swalehe alikuwa ameshakufa. Adinani hakuwahi kushika jembe hapa. Iliota yenyewe, kwenye udongo wa mama yangu. Na nikiing'oa kwa mkono wangu, nikaiweka kwenye shimo nililochimba mimi, hakuna sheikh, hakimu wala mwanafunzi atakayehitaji kuniuliza kitu.

Nilichagua miche sitini. Nilichimba mashimo katikati ya visiki, matatu au manne kwa siku, kwa sababu njaa ilikuwa imenipunguza na mgongo haukuwa wa msichana. Nilikuwa kwenye shimo la ishirini na kitu, mvua ya manyunyu inanyesha, nilipomwona Mwanaima amesimama mbele yangu. Alikuwa amepita mpakani bila kuita hodi. Nywele zake zilikuwa nyeupe zaidi.

Alitazama miche, akatazama visiki, akanitazama mimi nilivyojaa tope. Alikuwa ameshaelewa.

"Itazaa lini hii?" akauliza.

"Mwaka wa nne. Wa tano."

"Utakufa kabla haijazaa."

Inawezekana. Nilikuwa nimeshaliwaza hilo, na lilikuwa limenichoma nilivyoliwaza, kwa hiyo halikunichoma tena lilipotoka kwake. Nilishika mpini nikainuka. Nilitaka kumwambia kwamba nimemkumbuka, na nilitaka kumpiga. Alikuwa amesimama palepale nilipokuwa nimeweka alama ya shimo linalofuata, nikamwambia asogee.

Akasogea.